Mlima wa Ilondo Ulikokwenda

"Ukikuta bonde la duara, uliza mlima ulikwenda wapi." Mmeisikia asubuhi kwa mchungaji, mkatazamana, na sasa mnataka kujua mlima unaendaje mahali nao hauna miguu. Vuteni vigoda. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika nchi ya migomba na mvua nyingi, palikuwa na bonde liitwalo Ilondo. Kuta za mawe zililizunguka pande zote, hata aliyesimama humo alijiona kama yumo ndani ya chungu. Udongo wake ulikuwa mweusi. Ukidondosha mbegu leo, kesho inakuchungulia. Humo aliishi Subilaga, mfinyanzi aliyeolewa kutoka kandokando ya ziwa. Mumewe, Ambilikile, alikuwa amekwenda kaskazini kufua chuma. Siku ya kuondoka alisema neno moja tu: "Nikirudi nikukute mlangoni."

Mavuno matatu yalipita. Kila jioni Subilaga alikaa mlangoni akiutazama mwanya wa ukutani, njia inaposhukia. Kila aliyeshuka alimwona ana mwendo wa mumewe, mpaka akikaribia anakuwa mtu mwingine.

Kiangazi kimoja udongo wa kufinyangia ulipungua, akachimba chini kuliko kawaida. Akakuta majivu meupe, laini kama unga, yenye kina cha kupita kimo chake. Chini ya majivu kulikuwa na udongo mweusi tena, wenye mabua yaliyoungua na jiwe la kusagia. Chini yake majivu mengine. Subilaga alikaa shimoni na lile jiwe mapajani. Kuna mwanamke aliwahi kulisagia. Kisha akawaza kama mfinyanzi. Chungu chenye unyevu tumboni kikitiwa motoni hupasuka, vigae vikaruka mbali, pakabaki kitako na kuta zilizomeguka. Akainua macho kuzitazama kuta za Ilondo. Akajua kwamba wanalima kwenye kitako cha mlima uliopasuka.

Hayo yangeweza kubaki habari ya kale. Lakini mwezi uleule chemchemi ikaanza kutoa maji ya moto. Watu walifurahi, wakachemsha ndizi bila kuni, wakasema Mungu ameihurumia migongo ya akina mama. Vyura wakahama. Kisha mbuzi saba waliolala kishimoni hawakuamka, wala hawakuwa na jeraha. Subilaga alipowaeleza wanawake wenzake kwamba mlima unaamka na heri wahame, walimcheka. Tupokigwe, jirani yake, alisema mfinyanzi huona chungu hata kwenye uso wa mwanawe, na kwamba mwenzao anatafuta tu sababu ya kukaa juu ukingoni amchungulie mume. Neno lile lilimkata, maana kuhama ndiko alikokuogopa kuliko wote. Ambilikile akirudi, mlango wa kumkutia ungekuwa wapi?

Mwenye kauli Ilondo alikuwa baba mkwe wake, mzee Kasyupa. Na desturi ya watu wale ilikuwa kali. Mkaza mwana hamtazami baba mkwe, wala hamsemeshi. Akimwona njiani hujifunika na kuingia majanini. Subilaga alimwomba Mungu siku tatu. Siku ya nne, mzee akiwa anakamua, alikwenda nyuma ya mgomba, akajifunika nguo na kumpa mgongo.

"Wewe mgomba," alisema, "nina neno nawe."

Mzee aliacha kukamua. Naye desturi ilimfunga, akamwinamia ng'ombe. "Mama ndama, kuna mgomba unasemeshwa. Tusikilize, huenda una akili kuliko vijana wangu."

"Mgomba, bonde hili la duara, mlima wake ulikwenda wapi?"

"Mama ndama, mwambie mgomba babu zangu hawakuona mlima hapa."

"Walikuta umekwisha kupasuka. Majivu yake nimeyachimba, yananipita kimo, na chini yake kuna jiwe la mwanamke aliyekuwa akisaga. Sasa chungu kinachemka tena."

"Na mwanangu akija," mzee alisema, sauti imepungua, "atakuta nini?"

Subilaga hakuwa amejua kwamba mzee naye alikuwa akiutazama mwanya ule. "Akikuta nyumba, na sisi tumelala ndani kama wale mbuzi, atapiga hodi kwa nani? Heri aukose mlango, apate watu."

Kesho yake Kasyupa alitoa amri. Walinung'unika, lakini walikwenda, na ng'ombe wao, mwendo wa kutwa nzima hadi ng'ambo ya safu ya milima. Subilaga alitoka wa mwisho. Siku ya tisa ardhi ilinguruma na mchana ukawa giza. Majivu yaliyoanguka makao mapya yalifika kwenye kifundo cha mguu. Subilaga alisimama ndani yake akayakumbuka yale ya shimoni, akauliza: kama hiki ni kikohozi tu, siku mlima ulipopiga kelele nchi ngapi zilikosa jua, na njaa yake iliwamaliza wangapi? Safari hii hakuna aliyecheka. Sakafu ya Ilondo ilikuwa imezama, na maji yakaijaza ukingo hadi ukingo.

Mwaka wa pili akapita muuza chumvi, mgeni wa nchi ile. Alisimulia kwamba ukingoni mwa lile ziwa la duara alimkuta mwanamume mwenye mzigo wa majembe, analia. Mtu huyo alisema hapo ndipo kwao, na kwamba watu wake wote wako chini ya maji. Aliyatupa majembe ziwani, jembe moja baada ya jingine, akarudi kaskazini. Vijana walikimbia siku nne kumfuata, lakini mvua ilikuwa imefuta nyayo.

Subilaga hakupiga yowe. Aliuliza tu kama amekonda.

Tangu siku ile, kila msafiri wa kaskazini alipewa maji ya kunywa kwa Subilaga, na ujumbe wa kubeba. "Ukimwona mfua chuma wa Ilondo, mwambie tupo. Alikuta shimo akadhani ndilo jibu, asiulize watu walikwenda wapi. Asipokuamini, usibishane naye. Mwambie mkewe anasema hivi."

Neno lile lilitembea. Lilivuka mito, likasemwa na watu wasiomjua Subilaga wala chungu chake kimoja. Kama lilimfikia aliyetumiwa, Mungu ndiye ajuaye. Sisi limetufikia: ukikuta bonde la duara, uliza mlima ulikwenda wapi.