Chemchemi Iliyojifunga Kanga

Haya sogeeni, mwenye sikio alitege! Palikuwa na chemchemi inayosema. Ukivua viatu ukapiga hodi huitika, "Karibu," ndipo uteke. Mji mzima ukinywa hapo, na mlinzi wake Bi Mize.

Wakaja watalii watatu. Wa kwanza akaingia na mabuti. "Mwanangu, piga hodi kwanza!" Akacheka, akampiga picha. Wa pili akaoga kwa sabuni. "Baba, maji ya kunywa hayo!" Akacheka, akampiga picha. Wa tatu akatema chingamu ndani, akacheka vilevile.

Bi Mize akakimbilia kwa jumbe, mkuu wa mji, kilemba kipya kichwani, sisemi alipewa na nani. "Bi Mize we," jumbe akanong'ona, "mgeni hakaripiwi."

Basi chemchemi ikainuka kama mke aliyetukanwa, ikajifunga kanga zake za maji, ikaondoka. Bi Mize akaifuata analia, "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya.

Aliporudi, wageni wamesimama topeni. "Mama," wakamwuliza, "maji ya kunywa tutapata wapi?"

Hadithi yangu imekaukia hapo. Mwenye kiu ameze mate.