Ukoko wa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, na sogeeni basi msikie, wanyama walikuwa na majiko yao na ubishi wao kama sisi. Palikuwa na Bi Kindi, mjane wa watoto wanne, mpishi wa nyumbani kwa Mzee Kiboko. Walipatana hivi: Bi Kindi apike, wakubwa wale, na kitakachobaki chunguni kiwe chake.

Maskini! Kingebaki nini? Mzee Kiboko akiketi kula na rafiki yake Bwana Fisi, hata punje haiponi. Kila jioni Bi Kindi alirudi kwake mikono mitupu, na kitindamimba wake Tunu akamkimbilia mlangoni.

"Mama, leo wamebakiza?"

"Labda kesho, mwanangu."

Moyo ulimuuma mno.

Siku moja alipika wali wa nazi. Maji yalipokauka, akapalia makaa juu ya mfuniko kama kawaida, ila moto wa chini hakuupunguza. Tss! Tss! Akausikia wali ukigandia chini, akauacha.

Wakubwa wakala wali wa juu, mweupe, laini. Mara kijiko cha Fisi kikagonga chini. Ko!

"Kuna jiwe humu!"

"Huo ni ukoko, Bwana Fisi."

"Ukoko? Ndiyo nini?" Neno lenyewe Bi Kindi alikuwa amelibuni papo hapo.

"Wali uliogandia chini ya chungu. Mgumu, umeungua. Nipeni nikausugue nyumbani, nisiwachafulie uwanja."

"Lo! Peleka mbali!" akasema Mzee Kiboko.

Nyumbani Bi Kindi akaukwangua: wa kahawia, unanukia nazi. Karakacha! Karakacha! Tunu alicheka huku mdomo umejaa, na mama yake akageukia ukutani afute machozi.

Ikawa hivyo kila siku, hadi matumbo ya watoto yakawa kama maboga. Ndipo Fisi akapita njia ya kwa Bi Kindi, akasikia karakacha, akachungulia dirishani. Mbio kwa Kiboko!

Kesho yake Mzee Kiboko alikuwa amekunja uso.

"Bi Kindi, kumbe kitamu unakificha! Leo ukoko tunautaka sisi."

Paa! Moyo wa Bi Kindi ukaruka. Akamkumbuka Tunu pale mlangoni. Kisha akainama kwa adabu.

"Ni wenu, mzee wangu. Ila kosa langu, sikuwaambia desturi yake. Anayekula ukoko ndiye anayeosha chungu."

"Desturi hiyo kaiweka nani?" akafoka Fisi.

"Mimi ukoko nimeula siku zote. Chungu alikuwa akiosha nani?"

Kweli, alikuwa akiosha yeye.

"Kuosha kitu gani!" akasema Kiboko. "Lete!"

Wakala, karakacha, wakajilamba. Bi Kindi akawawekea jivu na makumbi ya nazi, akaketi.

Kiboko akajaribu kuingiza mkono; haupiti. Fisi akaingiza kichwa. Kikanasa!

"Nivute, Mzee! Nivute!"

Vuta, vuta, pwa! Fisi akatoka na masizi hadi masikioni. Wakasugua, wakasugua, mpaka jua likazama na chungu bado cheusi. Majirani walijaa uani wakishika mbavu.

"Bi Kindi," Kiboko akasema akihema, "ukoko wako chukua mwenyewe."

"Wote, mzee wangu?"

"Wote! Na chungu chake!"

Toka siku ile Bi Kindi hakuona haya kuongeza kuni. Na neno lake likatembea jiko hadi jiko; wengine wakaita utandu, lakini utamu ni ule ule. Mimi nilisimuliwa hivyo, sikuwepo.

Basi, wanangu, ukitamani cha mwenzio, itamani na kazi yake.

Haya, ukoko wa leo kaumaliza nani? Mbona mnaficha midomo? Chungu kile pale.