Waliochorwa kwa Mkaa

Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulieni!
Ina meno!
— Iingie nayo hivyo hivyo!

Haya. Mwaka mpya, darasa jipya, na mwalimu naye mpya: Fisi. Shule yenyewe ilikuwa pango huko msituni, sakafu jiwe jeupe. Watoto wakasimama. "Shikamoo Mwalimuuu!" Fisi akatabasamu. Meno yale, jamani, yalikuwa hayaishi.

"Marahaba. Kwangu hakuna kuandika-andika. Kwangu ni vitendo! Kila siku mmoja analala chini, namchora umbo lake kwa mkaa. Tuone nani mrefu, nani mpana. Tufahamiane."

Watoto wakashangilia, nani hapendi vitendo? Ila Sange, kale kadogo kama panya kenye pua ndefu, hakakupiga makofi. Pua ilikuwa imeshasikia harufu ya kitu.

Wa kwanza, Kanga. Akalala, mkaa ukamzunguka, kwechu, kwechu, kwechu. Kesho yake mchoro haupo, sakafu imelowa, na Kanga mwenyewe hayupo.

"Mwalimu, Kanga yuko wapi?"

"Kahama."

"Kahaaama!" darasa zima likaitikia, si walishazoea kuitikia kila kitu.

Wa pili, Ngedere. Kwechu, kwechu, kwechu. Kesho yake sakafu imelowa.

"Mwalimu, Ngedere je?"

"Kahama."

"Kahaaama!"

Wa tatu, Digidigi, na huyo alikuwa anakaa dawati moja na Sange. Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yao wawili kufagia. Ukungu mzito, hata ndege halii. Wamefika mlangoni na fagio zao, Sange akasikia: lapu, lapu, lapu.

Akachungulia. Mwalimu kapiga magoti, ulimi nje, analamba ule mchoro wa Digidigi. Akalamba masikio. Sange akageuka kumwambia mwenzake, akakuta Digidigi hana masikio. Lapu. Hana miguu. Lapu. Ufagio wake ukaanguka chini peke yake.

Sange akauokota. Akaingia kimya, akakaa.

Fisi akajifuta mdomo, darasa likajaa. "Leo Sange."

"Sawa Mwalimu, ila mimi kadogo hivi, si nitakuwa doa tu? Kuna mgeni anakuja kuanza shule. Mnene huyo! Tumbo lake peke yake ni Sange mia. Tatizo ana aibu, hataki kuchorwa watu wakimwangalia."

Fisi mate yakamdondoka, tii, tii. "Mnene kweli?"

"Mwalimu, weee! We pumzika tu, mimi nitamchora, nawe ukiamka unamkuta tayari."

Fisi na tumbo lake lililojaa akajinyoosha pale pale sakafuni, akakoroma. Sange akashika mkaa. Akaanzia mkiani, akapita mgongoni, akazunguka tumbo. Kwechu, kwechu, kwechu. Ukoromaji ukikatika, naye anaganda. Ukirudi, anaendelea.

Fisi akaamka, akasogea, akaliona hilo umbo. "Lo! Jina lake nani?"

"Kasema atajitaja akishazoea."

"Tokeni nje mkacheze! Wote!"

Wakatoka, wakabana macho kwenye ufa. Fisi akaanza na mkia. Lapu!

"Mbona nyuma kuna baridi?"

"Ni upepo, Mwalimu," Sange akajibu kwenye ufa. "Mtamu?"

"Mtamu kuliko wote!" Lapu, lapu. Miguu ya nyuma ikaenda.

"Mbona umekaa, Mwalimu?"

"Kimya! Niko kazini!" Akafika tumboni. Lapu!

Pwaaa! Digidigi, Ngedere na Kanga wakamwagika sakafuni, wamelowa chapachapa. Wazima, ndiyo. Ila walipotoka juani, Sange akaangalia chini, akaona wenzake hawana kivuli.

Na Fisi? Unadhani aliacha? Utamu ulishamkolea. Akalamba kifua, akalamba shingo, ulimi ukafika kwenye mdomo uliochorwa. Lapu.

Kimya. Kikabaki kicheko tu, hakina mdomo, kinazunguka pangoni: hiii-hi-hi-hi.

Mzee Kobe, mkuu wa shule, akaja kukagua. "Mwalimu wenu yuko wapi?"

Sange akasema, "Kahama."

"Kahaaama!"

Basi funzo ndilo hilo, watoto: mwalimu akisema lala chini, we lala. Usinuse-nuse, usichungulie. Na chakula ukikianza, kimalize chote, usibakize hata kidogo.

Hadithi imeshatoka!
— Mlango ufungwe!
Umefungwa?
— Umefungwa!

Sasa huyo anayecheka ni nani? Maana midomo yenu yote naiona, na yote mmeifumba.