Moto Uliozimika Siku Kumi na Moja

Mtu mmoja alikuwa na mwandiko mzuri. Jina lake Sifaeli. Alifanya kazi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na minane, akastaafu, akarudi kwao milimani na kalamu zake mbili, moja ya wino mweusi na moja ya wino mwekundu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua nyie: mkisikia kisa mnaanza kumtafuta mbaya wake, na mkishampata mnashusha pumzi. Msishushe pumzi.

Kijiji chao kiliishi kwa mfereji. Maji yalitoka msituni huko juu, yakakusanywa kwenye bwawa la mawe na udongo ambalo wao huliita ndiva, kisha yakateremka mashambani kwa zamu. Nani afunguliwe leo na nani asubiri juma lijalo, aliamua mtu mmoja tu, mgawa maji. Kwa hiyo kila baada ya miaka mitatu walimchagua. Uchaguzi wenyewe haukuwa na karatasi. Wagombea walisimama kwenye ukuta wa ndiva, watu wakapanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka, mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake. Na nani alikuwa na haki ya kupanga mstari? Aliyechimba. Kila mwaka kabla ya mvua palikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la mfereji, na aliyefika siku hiyo na jembe lake alihesabiwa mtu wa mfereji. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote. Walilijua, basi.

Mgawa maji wa wakati huo aliitwa Senkondo, na alikuwa anamaliza kipindi cha pili. Mwanzoni aligawa vizuri, sitamsingizia. Kisha yeye na jamaa zake wa kitongoji cha juu wakaanza kulima nyanya za kupeleka mjini, na nyanya, jamani, zinakunywa. Zamu za watu wa chini zikaanza kurukwa. Leo mfereji umebomoka, kesho ndiva haijajaa, keshokutwa mgawa maji kasafiri. Misimu miwili mfululizo mahindi ya chini yalitoa mbelewele, yakasimama, yakakauka. Watu wakaanza kumtaja Mchome, mwanamume mpole wa kitongoji cha kati, ambaye alisema hadharani kwamba akichaguliwa zamu zitarudi zilivyokuwa. Maneno hayo yalimfikia Senkondo.

Senkondo akaenda kwa Sifaeli. Akamwambia, "Karani, mambo yetu tunayaendesha ovyo. Tuandikie kanuni. Siku ya uchaguzi watu wanatoka mjini, wananunuliwa pombe, wanapanga mstari, jioni wamepanda gari wamekwenda zao. Hao nao ni wakazi?" Na kweli, mambo hayo yalikuwa yakitokea. Angemletea uongo mtupu, Sifaeli angemfukuza. Alimletea jambo la kweli lililohitaji kupangwa vizuri, na kupanga vizuri ndiyo iliyokuwa raha ya maisha ya Sifaeli.

Aliandika majuma matatu. Ukurasa wa pili aliuandika kwa moyo wake wote: kila mkazi mwenye shamba la mfereji, mwanamume au mwanamke, awe na kitu asiwe na kitu, atamchagua mgawa maji kwa uhuru wake. Lakini kabla ya huo ulikuwepo ukurasa wa kwanza, wa maana ya maneno, kwa sababu sheria zote alizowahi kunakili mahakamani zilianza hivyo. Hapo aliandika kwamba shamba la mfereji ni shamba lililopata maji ya mfereji katika msimu uliotangulia uchaguzi. Senkondo ndiye aliyetaka iwe hivyo. Sifaeli alisita kidogo, akauliza kama hakuna atakayeumia. Senkondo akamjibu kwamba shamba ambalo mfereji haulifikii haliwezi kuitwa la mfereji, na Sifaeli akaona ni kweli, likisemwa hivyo halina kasoro.

Kisha akaandika kwamba mkazi ni mtu ambaye jiko lake hapo kijijini limewashwa moto kwa siku thelathini kabla ya uchaguzi. Senkondo akaridhika, akaondoka. Ni Sifaeli ambaye hakuridhika. Alikaa barazani kwake akaisoma tena ile sentensi, akaiona inapwaya. Siku thelathini zipi? Zikihesabiwaje? Mtu akiwasha leo akazima kesho? Akachukua kalamu nyekundu akaongeza maneno matatu: mfululizo, bila kukatika. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemtisha wala kumpa chochote. Aliyatia maneno yale kwa sababu sentensi ilikaa vizuri zaidi, akayasoma kwa sauti, akatabasamu.

Mkutano wa kuzipitisha ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Sasa nyie mnaijua mikutano yetu. Mwanzo wake ni salamu. Huyu anatambulishwa, yule anasimama anakaa, wa mbali wanapewa pole ya njia, na muda wote huo hakuna anayesikiliza. Watu wanaulizana habari za ng'ombe na za wagonjwa. Sifaeli alipoanza kusoma ukurasa wa kwanza, watu walidhani bado tuko kwenye salamu. Waliendelea na mazungumzo yao. Alipofika ukurasa wa pili na kusema mwanamume au mwanamke, awe na kitu asiwe na kitu, uwanja ulinyamaza, kisha ukalipuka. Akina mama walipiga vigelegele. Watu wakapanga foleni kutia dole gumba. Mimi ninayewaambia nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka, na dole gumba langu liko pale pale, la nne kutoka juu.

Sifaeli alikuwa na dada yake mkubwa, Navoneiwa. Mjane. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, akabaki peke yake katika nyumba ya kitongoji cha kati na shamba moja la mahindi na maharage. Hakuwa na kingine. Lake lilikuwa limepata maji mara moja tu msimu uliopita, alasiri moja, nalo likampa debe nne. Alisema wazi kwa kila aliyemuuliza: msimu huu nao ukikauka, nafunga mlango, na sijui naufunga niende kwa nani. Alikuwa anaingoja siku ya uchaguzi kuliko mtu mwingine yeyote, akapange mstari nyuma ya Mchome, basi.

Majuma matatu kabla ya siku hiyo, Sifaeli alishikwa na ngiri. Tumbo lilikaza kama ngoma, akawa anatapika na kulia kama mtoto. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali ya tambarare, akapasuliwa. Mkewe alibaki na ng'ombe na nyumba, kwa kuwa mtu hawezi kuacha vyote. Aliyekwenda ni Navoneiwa. Siku kumi na moja alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mdogo wake. Alimfulia, alimgeuza, alimshika mkono alipojifunza tena kutembea, na kila alfajiri alikwenda kwenye banda la kupikia nyuma ya wodi, akapuliza kuni mbichi macho yakimtoka machozi, amchemshie uji. Madaktari walimwambia Sifaeli kwamba angechelewa nusu siku tu angekufa. Navoneiwa akamwambia ale, aache maneno.

Siku ya uchaguzi ikafika. Watu walijaa kwenye ukuta wa ndiva na majembe yao begani, kama desturi. Sifaeli, bado mwembamba, alikaa kwenye kiti akiita majina, yeye mwenyewe hapangi mstari. Kwanza walitolewa wenye mashamba yasiyopata maji msimu uliopita. Watu thelathini na wanne wa kitongoji cha chini walisimamishwa pembeni, wakidhani ni makosa yatakayorekebishwa. Kiangi, ambaye tope la mfereji lilikuwa halijakauka kwenye jembe lake, aliuliza, "Karani, wewe si uliniona nikichimba?" Sifaeli akasema, ukurasa wa kwanza. Wale ambao maji yao yaliibwa wakaondolewa kwa sababu hawakuwa na maji. Hawakupigana. Madole gumba yao yalikuwa kwenye karatasi.

Jina la Navoneiwa lilipoitwa, binamu mmoja wa Senkondo akanyoosha mkono, akasema kwamba jiko la mama huyu halikutoa moshi siku kumi na moja, na majirani ni mashahidi. Navoneiwa akaambiwa akae kando kwanza, shauri lake litaangaliwa mwisho. Akakaa juu ya jiwe. Mistari ikapangwa, ikahesabiwa, ikarudiwa kuhesabiwa. Nyuma ya Senkondo watu thelathini na mmoja. Nyuma ya Mchome watu thelathini na mmoja. Na kanuni ilisema wakilingana, aliyepo aendelee.

Watu wote waligeuka kumtazama mwanamke aliyekaa juu ya jiwe. Senkondo hakupandisha sauti. Alisema, "Karani, tusomee maana ya mkazi. Usiongeze, usipunguze." Sifaeli akasoma. Alipofika kwenye wino mwekundu sauti yake ilishuka, lakini aliyasoma yote matatu. Navoneiwa akasimama, akakaza kanga yake kiunoni. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Sifaeli," alisema, "moto wangu ulizimika nikikuchemshia uji wewe."

Yalisikika maji tu. Wakati huo Sifaeli angeweza kusema: jamani, maneno haya ni yangu mimi, sikuombwa na mtu, nayafuta. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati. Lakini aliitazama ile karatasi, akaona ilivyoandikwa vizuri, akaona madole gumba ya watu, akaona watu wakimwangalia kama alivyokuwa akiangaliwa hakimu. Akasema, "Dada, kanuni haiulizi umezimika kwa nini." Na hakudanganya. Haikuuliza.

Senkondo akaendelea. Ndani ya juma moja maji yote yalikuwa juu kwenye nyanya. Sifaeli hakupata usingizi. Akamwendea Senkondo akamwomba yale maneno matatu yaondolewe. Senkondo alimkaribisha vizuri, akampa kiti. Akamwambia, "Mimi ni nani, Karani? Kanuni hubadilishwa na wakazi wenye mashamba ya mfereji. Wewe mwenyewe uliandika. Waite." Na wakazi wenye mashamba ya mfereji walikuwa sasa ni wale tu waliokuwa na maji, na mwenye maji alikuwa hana haraka ya kubadilisha kitu.

Mahindi ya Navoneiwa yalitoa mbelewele. Alikwenda kwa Senkondo mara mbili kuomba zamu, mara mbili akaambiwa ndiva haijajaa, naye akiiona imejaa. Basi akachukua ndoo. Alikuwa akiteremka mpaka kijito cha bondeni, anapanda na ndoo kichwani, anamwagia kila shina kikombe kimoja. Kutwa nzima alimaliza mistari mitatu. Aliporudi kwenye wa kwanza siku ya nne ulikuwa umeshasinyaa. Tulimwona. Tulipita njia ile tukampa pole ya kazi. Juma la pili aliteleza kwenye mawe, ndoo ikamwangukia, akavunjika nyonga. Sifaeli alimuuguza, safari hii yeye ndiye aliyelala kwenye mkeka. Alimpikia uji, dada mtu akaunywa kidogo kidogo, na hakumwambia neno la lawama hata moja. Baada ya majuma matano akafa.

Kwenye mazishi, wasifu wa marehemu uliandikwa na Sifaeli, maana ni nani mwingine mwenye mwandiko kama ule? Alisimama kando ya kaburi akasoma. Marehemu alizaliwa hapa. Aliolewa hapa. Alizaa watoto wanne, akazika wawili, hapa hapa. Alikuwa mkazi wa kijiji hiki kwa miaka sitini na saba mfululizo, bila kukatika. Hapo sauti ikamkatika yeye. Hakuna aliyempokea karatasi wala kumsaidia kusoma. Tulisimama tumemzunguka, Senkondo mbele kabisa na kofia kifuani, na binamu yake nyuma yake, na mimi. Watu wa kitongoji cha juu, wa kati na wa chini, wote tuliosikia maneno yale yale yakisomwa kwenye ukuta wa ndiva. Mchungaji akauliza kama kuna mtu mwenye neno juu ya wasifu huo, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyenyoosha mkono kusema kwamba si kweli, kwamba marehemu hakuwa mkazi. Tukasema amina, tukachota udongo.

Basi, nyie mnaokwenda kuchagua juma lijalo, mimi nimewahi kujiuliza na sijapata jibu, labda mtanisaidia: siku ile alipokuwa hai, amesimama mbele yetu na kanga kiunoni, mikono yetu ilikuwa wapi?