Ukuta wa Kiboko na Vyeo vya Fisi

Paukwa!

Pakawa.

Nani huyo kaitika huku anapiga miayo? Tunaanza upya. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa uwanja, uwanjani kikapu, kikapuni mpira, na kwenye mpira ugomvi. Anayependa ugomvi asogee karibu. Asiyeupenda naye asogee, maana huyo ndiye huwa na maswali mengi.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu kwa bibi yake, wanyama walichoka kuzikana. Kila ugomvi uliamuliwa kwa meno, na kila ulipoamuliwa palikuwa na msiba. Wakakaa, wakakubaliana kwamba tangu leo ugomvi utaamuliwa kwa mchezo.

Wakachukua utomvu wa mbungo, wakaufinyanga ukawa mpira unaodunda. Wakachukua kikapu cha ukindu kilichotoboka kitako, wakakitundika kwenye mgunga. Wanacheza wawili kwa wawili. Watakaotangulia kutia mpira kikapuni mara nne, kesi ni yao. Anayetia ndiye anayeanza tena na mpira. Kumng'ata mpinzani ni marufuku, kusukuma ni marufuku, kusimama si kosa.

Basi kikaja kiangazi kibaya. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu, na bwawa hilo ndimo alimoishi Kiboko. Kiboko alikuwa mama mtu mzima, mpole wa maneno, mzito wa mwendo, na hakumnyima mtu maji. Jirani yake Paa, mnyama mdogo mwenye miguu kama vijiti, alikuja kila asubuhi na wanawe, wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao.

Fisi akaliona bwawa lile. Akasema maji yale yanahitaji usimamizi. Sikieni hayo. Maji yamenywewa tangu enzi za mababu bila msimamizi, leo yanataka msimamizi, na msimamizi mwenyewe ndiye Fisi. Akasema atakayetaka kunywa alete mnofu wa nyama. Sasa Paa, mla majani, mnofu angeupata wapi kama si kwa mwanawe? Na Kiboko asipolala majini ngozi yake hupasuka, akafa. Kiboko akakataa. Kesi ikaenda uwanjani.

Lazima niwaeleze habari za huyu Fisi, ingawa nikimkumbuka hasira hunipanda. Fisi hakukubali kuitwa Fisi. Aliitwa Mheshimiwa Mwenyekiti Daktari Fisi, Baba wa Bonde la Juu na Bonde la Chini. Uenyekiti alijipa siku alipokuta kigoda hakina mtu, akakikalia. Na udaktari je? Alikaa kando ya nyati mgonjwa mpaka nyati akafa, basi tangu siku hiyo yeye ni Daktari.

Mwenzake uwanjani alikuwa Ngiri. Ngiri hakuwa mbaya. Alikuwa na mbio, alikuwa na nguvu, na aliahidiwa tope la kugaagaa pale bwawani. Na pembeni alikaa Nyani, mtaalamu wao. Nyani hakuwahi kuugusa mpira maishani mwake, ila alikaa mtini miaka mingi akiwatazama wanaoucheza, na kila alipoteremka aliteremka na kijiti cha kuchorea mavumbini. Mwamuzi alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu ya kuonea kila upande.

Mchezo ukaanza, na ukaanza vibaya. Ngiri alimkaba Paa, Fisi akamkaba Kiboko. Paa akikimbia, Ngiri yupo. Paa akigeuka, Ngiri yupo. Kiboko akipata mpira, Fisi anamzunguka na kumpokonya kabla hajainua kichwa. Fisi na Ngiri wakatia kikapu cha kwanza, wakatia cha pili, wakatia cha tatu. Wana wa Paa kule pembeni wakaanza kulamba midomo kwa kiu.

Kilibaki kikapu kimoja. Ngiri akampa Fisi mpira chini kabisa ya mgunga, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Mtoto mdogo angetia. Lakini Fisi hakutia. Alisimama kwanza awashukuru wote waliofika. Alipofika kwenye "na kwa namna ya pekee kabisa", Paa akapenya chini ya tumbo lake, mpira akaondoka nao.

Korongo akawaruhusu wapumue kidogo. Paa akamfuata Kiboko, machozi yanamlengalenga. Akamwambia, "Shangazi, tumekwisha. Watoto wangu watakunywa wapi?"

Kiboko akasema, "Nisikilize. Wewe una mbio, mimi nina mwili. Ukiwa peke yako Ngiri anakuweza, nikiwa peke yangu Fisi ananiweza. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mimi nitakwenda kusimama njiani mwa Ngiri. Nitasimama tu, kama ukuta. Wewe nipite ubavuni, karibu hata upepo usipate nafasi katikati yetu. Ukishapita, mimi nitageuka nielekee kikapuni. Halafu tazama wao wamefanya nini. Wao wakifanya hili, sisi tufanye lile."

"Na nikitaka kukuita nikuiteje, Shangazi?"

"Sema 'wee'. Inatosha."

Wakarudi. Paa akaudundisha mpira, ndu, ndu, ndu, Ngiri akamfuata bega kwa bega. Kiboko akaja taratibu, akasimama. Paa akampita ubavuni. Ngiri naye akaja mbio zake zote, macho kwa Paa, akaugonga ubavu wa Kiboko kama aliyegonga mlima. Akakaa chini. Fisi alikuwa nyuma ya Kiboko na aliuona ukuta ule tangu ulipoanza kutembea, lakini hakusema neno. Paa akatia.

Ngiri akajipangusa pua, akauliza kwa adabu kwa nini hakuonywa. Fisi akamjibu kwamba mkubwa hapigi kelele, mkubwa hupigiwa. Tangu sasa anayeuona ukuta amwarifu yeye, na yeye ataona la kufanya.

Nyani akawaita. Akachora mstari mavumbini, akachora na mviringo. Akasema dawa ipo na ni rahisi: Ngiri asigombane na ukuta, apite nyuma yake, wakutane na Paa upande wa pili. Paa ni mdogo, hawezi kutupa toka mbali. Fisi akasema hilo ndilo alilokuwa akiliwaza mwenyewe.

Ndu, ndu, ndu. Kiboko akasimama. Ngiri akapita nyuma ya Kiboko, njia ya mkato, anatabasamu. Paa akatazama. Akaona mbele yake hakuna mtu, Ngiri bado yuko kule nyuma ya mwili wa Kiboko kama mtu anayezunguka nyumba kutafuta mlango. Paa hakwenda mbele wala nyuma. Alisimama palepale nyuma ya ukuta, akautupa toka mbali. Mnyama mdogo maisha yake yote hufanya mambo yake kwa mbali, nani asiyejua hilo? Nyani tu. Mpira ukaingia.

Nyani akafuta mavumbi, akachora upya, safari hii mishale miwili. Akasema sasa amewajua. Paa akipita tu ukuta, Fisi na Ngiri wamrukie wote wawili, mmoja huku, mmoja kule, wamfunge katikati asipate pa kutokea. Fisi akalipenda sana shauri hilo. Wawili kumrukia mmoja mdogo, hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Ndu, ndu, ndu. Kiboko akasimama, Paa akapita, Fisi na Ngiri wakamrukia. Paa akajikuta kati ya pembe na meno, hauoni uwanja, haoni jua. Lakini mwanangu, wawili wakiwa kwa mmoja, wa pili yuko na nani? Kiboko alikwisha geuka, anatembea zake kuelekea kikapuni kama anayekwenda kuoga. Ngiri akamwona kwa pembe ya jicho. Akasema, "Fisi, nyuma yako."

Alisema hivyo tu. Onyo zuri, fupi, la kweli. Na Fisi alilisikia. Lakini hakugeuka nyuma. Alimgeukia Ngiri, akamuuliza Fisi ni nani, wamechunga wote wapi, akamng'ata sikio. Sheria ilikataza kumng'ata mpinzani, mwenzako haikumtaja. Paa akapata upenyo, akasema, "Wee," akaurusha mpira juu ya vichwa vyao. Kiboko akaudaka kwa kinywa, na kinywa cha Kiboko mnakijua, hakikosi kitu. Akainua kichwa, akaudondosha kikapuni.

Sasa ni tatu kwa tatu. Atakayetia ndiye mwenye bwawa. Kiboko ngozi yake ilikuwa imeanza kuchanika mgongoni, damu inachuruzika, kwa kukaa juani muda mrefu hivyo. Paa aliogopa, nawaambia kweli. Aliwatazama wanawe, akashindwa kuwatazama tena.

Upande wa pili Nyani alikuwa amechora mpaka pamebaki pachache pa kuchora. Akasema, "Dawa ya mwisho ni kubadilishana. Kiboko akisimama tu, Mheshimiwa umchukue Paa, Ngiri amchukue Kiboko. Hapo hakuna atakayebaki peke yake. Ila lazima mmoja atamke haraka neno 'badili', na mwingine atii papo hapo."

Haya, hata saa iliyoharibika husema kweli mara moja moja. Shauri lilikuwa zuri. Kiboko mwenyewe alilisikia, akaliogopa, akamnong'oneza Paa kwamba wakibadilishana itabidi amrushie yeye mpira kwa juu, maana Ngiri ni mfupi, ataurukia asiufikie.

Lakini Fisi akauliza nani atamtamkia mwenzake. Nyani akasema Ngiri, maana Mheshimiwa hapigi kelele. Fisi akauliza tena, kwa hiyo Ngiri atamwambia yeye "badili", hivihivi, kama anavyomwambia mtoto wa jirani? Nyani akakitazama kijiti chake. Akakohoa. Akasema bila shaka Ngiri atatanguliza heshima, na kwamba hilo ni wazo bora kabisa, yeye mwenyewe alisahau tu kulichora.

Ngiri akalishika sikio lake lililong'atwa, akaitikia.

Ndu, ndu, ndu. Paa akaja na mpira. Kiboko akaja, akasimama. Ngiri akauona ukuta mapema kuliko siku zote, akajua la kusema, akafungua kinywa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," akasema Fisi, akanyoosha shingo asikilize taarifa.

Paa akampita Kiboko ubavuni.

"Samahani sana kwa kukusumbua, Mheshimiwa Mwenyekiti..."

Paa akampita Fisi mwenyewe, maana Fisi alisimama akisubiri sentensi iishe. Fisi hakumfuata Paa, hajaarifiwa. Ngiri hakumfuata Kiboko, hajamaliza. Mbele ya Paa palikuwa peupe mpaka kikapuni, na Paa hakusimama kumshukuru mtu. Aliruka, akautia mpira kwa mikono yake miwili, na ndipo Korongo akapiga kelele kwamba kesi imekwisha.

Watoto wa Paa walikwisha fika majini kabla Korongo hajamaliza kusema. Kiboko alijitupa bwawani, maji yakamwagika mpaka kwa watazamaji, na hakuna aliyelalamika. Paa alilia pale pale chini ya mgunga, safari hii kwa furaha.

Fisi akamgeukia Ngiri, manyoya yamemsimama. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuambia, Mheshimiwa," akasema Ngiri. "Nilikuwa nimefika kwenye Daktari."

Mnadhani Fisi alijifunza? Aliunda tume ya kuchunguza, mwenyekiti wa tume ni yeye, mtaalamu wa tume ni Nyani. Tume ikaona kwamba Ngiri alisema "shikamoo" bila kuinama. Fisi akajiongezea cheo kimoja, na Ngiri akakatazwa kumwonya mkubwa kwa mdomo, milele.

Ngiri akawaza. Akaona mdomo umefungwa, lakini mkia haujatungiwa sheria. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona ngiri anakimbia porini, mkia wake umesimama wima. Anamwonya mwenzake. Anasema "badili, badili" kwa mkia, na mwenzake hata hatazami.

Basi mafunzo ndiyo hayo. Ukimzoeza mwenzako kukuogopa, usimlaumu siku asipokuonya. Heshima ni nzuri nyumbani, lakini nyumba ikiungua, anayetaja vyeo vyako kwanza atakuamsha ukiwa majivu. Na ninyi mnaopenda kuitwa majina marefu, mimi sikumtaja mtu, anayejikuna ndiye mwenye upele.

Ngano yangu nimeitua hapa, mzigo nimeuweka chini. Ikiwa imenoga, nendeni nayo makwenu. Ikiwa chungu, niachieni papa hapa, kesho nitaitia chumvi.