Kasa Aliyelishwa na Chewa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, baadaye sitaki.

Hapo zamani za kale, kwenye Mwamba Mweupe, chini ya maji, aliishi Kambakoche, kamba mkubwa mwenye sharubu ndefu na shaka ndefu kuzidi sharubu. Wimbi likipiga, aliuliza limetumwa na nani. Msimcheke. Kila mwaka alibeba mayai chini ya mkia, akayalea, yakaanguliwa, kisha mkondo ukawabeba watoto, haooo! Hakurudi hata mmoja. Na kamba pale mwambani walikuwa wakipungua, wakipungua, wakipungua.

"Wanaliwa na kamba wale jirani zetu wa Mwamba Mweusi," alisema.

Wale wa Mwamba Mweusi nao walisema hivyo hivyo juu yake.

Vijikamba vya kigeni vikija kujibanza pangoni mwake, alivichapa kwa sharubu. Chwa! Chwa! "Rudini kwenu!"

Siku moja akaja Kasa. Pwa, pwa, pwa.

"Hodi, bibi."

"Nani kakutuma?"

"Hata karibu hakuna?"

"Karibu baadaye. Nani kakutuma?"

"Natafuta kwa nini kamba wanakwisha. Nazunguka miamba yote, nauliza, halafu nafundisha. Hebu niambie, mkijivua gamba mnajificha wapi?"

Lo! Kamba akijivua gamba huwa laini, hata dagaa humdonoa. Mahali pale hapatajwi hata kwa shoga. Machale yakamcheza Kambakoche. Akamtazama Kasa juu, akamtazama chini. Kasa kanenepa!

"Safari yote hiyo, mwanangu, unakula kwa nani?"

"Kwa Bwana Chewa. Mkono mtupu haulambwi, bibi. Kila nikirudi namsimulia niliyoyapata, naye ananipa majani mabichi."

Chewa, samaki mla kamba! Mdomo mpana kama mlango wa ghala! Moyo wa Kambakoche ukadunda, du, du, du, lakini uso hakuubadilisha.

"Basi kamwambie tunajivulia kwenye pango la chini, lile lenye giza."

Pango lile halikuwa na kamba. Lilikuwa na Mkunga, samaki mrefu mwenye meno, asiyependa wageni.

Kesho yake, Chewa huyo! Akatia kichwa kizima pangoni. Kra! Kra! Akatoka mdomo umechanika, akatimua mbio bila kuaga.

Kasa aliyaona yote. Akainamisha shingo.

"Bibi, wallahi sikujua. Nilidhani anapenda elimu."

"Anapenda. Elimu inayolika."

"Basi naiacha kazi hii. Nani atanilisha?"

Kambakoche alitaka kusema, nenda zako. Akajizuia. Miaka yote ameshuku, na shaka haijamrudishia mtoto hata mmoja. Kasa akiondoka, nani atamwambia wanawe wako wapi?

"Tutakulisha sisi," akasema. "Ila utakalolijua utalisema hadharani, mbele ya miamba yote. Hakuna kunong'ona."

Akafunga safari mwenyewe, kacha, kacha, kacha, hadi Mwamba Mweusi. Wakamzunguka.

"Nani kakutuma?" wakamuuliza.

"Wanangu."

Wakatazamana. Hawakumwamini, lakini nao walikuwa na wana. Kila mmoja akatoa jani. Jani, jani, jani, shehena ikajaa.

Kasa akaenda. Miezi miwili hakuonekana, na minong'ono ikaanza: kala majani yetu, katoroka. Siku ya siku akarudi, kakonda. Miamba yote ikakusanyika.

"Watoto hawaliwi na jirani," Kasa akasema. "Mkondo huwachukua wa Mwamba Mweupe ukawatua Mwamba Mweusi. Wa Mweusi nao huwaleta Mweupe. Hufika wadogo, hawana pango."

"Na wangu," Kambakoche akauliza, "hupokewaje huko?"

Kasa akamsogelea. "Kama unavyowapokea wa wenzako, bibi. Huchapwa mpaka nje. Na nje yupo Chewa."

Kambakoche alisikia uchungu ambao hata kujivua gamba hakujawahi kumpa. Akarudi nyumbani polepole. Mlangoni palikuwa na kijikamba, kimejikunyata, kinangoja kuchapwa.

Akazishusha sharubu.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Sijui, bibi."

"Basi wangu. Ingia."

Na siku ile ile, huko Mwamba Mweusi, milango ya mapango ikafunguka mmoja baada ya mwingine.

Wakubwa na wadogo, shikeni hili. Shaka hulinda mlango, lakini haimrudishi mtoto nyumbani. Na anayetafuta ukweli wenu mlisheni nyinyi, kila mtu jani lake. Akilishwa na Chewa, ukweli ataupeleka kwa Chewa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa pango. Mwenye mtoto wa jirani uani kwake, akamkaribishe.