Injini ya Bwana Ngailo

Bwana Ngailo, tajiri wa mbao pale Makambako, aliingiza pikapu yake kuukuu kwenye gereji ya Sekela ikitoa moshi kama tanuri la matofali. Alikuwa ameshaiuza kupitia dalali kwa mtu asiyemjua, na bei ilikwisha kukubaliwa.

"Badilisha ringi za pistoni tu," aliamuru bila hata kusalimia. "Moshi usionekane siku ya makabidhiano, basi. Ikifa baadaye, shauri lake huyo mjinga."

"Sawa, bosi," alisema Sekela. "Ila fundi wa mnunuzi namfahamu. Ataikagua injini yote kabla hawajatia saini."

Ngailo alicheka kwa dharau. "Mafundi wote mnahongeka."

"Huyu hahongeki. Mwaka jana alimwaibisha mkandarasi mzima mbele za watu, kwa beringi moja tu iliyolika."

Kicheko kilimkauka Ngailo. "Sasa tubadilishe nini?"

"Yeye huanzia kwenye krenki, chini kabisa ya injini."

Basi silinda zikachongwa, krenki ikachongwa, pistoni na beringi zikawekwa mpya, yote kwa gharama ya Ngailo, naye akimtukana fundi huyo kila alipopita gereji.

Siku ya makabidhiano injini ilinguruma taratibu, bila hata uzi wa moshi. Ngailo alisaini, dalali akasaini.

"Haya, mnunuzi yuko wapi?" Ngailo aliuliza kwa kejeli. "Na huyo fundi wake mjuaji?"

Sekela alifuta mikono kwa tambara, akachukua kalamu na kusaini mahali pa mnunuzi.

"Fundi ameridhika, bosi," alisema. "Naomba funguo."